Mwanagenzi, mwajiriwa, mtumishi: Majina matamu yaliyoficha uchungu wa chokoleti

Hapa Mitunguu hatulimi kakao. Sisi ni watu wa ndizi. Maji yaliyoletwa kwa mabomba kutoka sehemu za juu yaligeuza upande huu wa chini wa Meru, uliokuwa wa jua na mawe, ukawa mashamba ya kijani ambayo mikungu yake inaliwa hadi Nairobi. Chokoleti kwetu ni zawadi ya mtoto wakati wa Krismasi. Ndiyo maana majirani zangu, wakisikia kwamba nimetumia miaka ya utu uzima wangu nikitafiti maadili ya biashara ya chokoleti na utamaduni wa watu wanaoitwa Wakrioli, huniuliza kwa haki kabisa: "Sasa mwalimu, hayo yanatuhusu nini?"

Jibu langu linaanzia kwenye lugha. Dhuluma katika mashamba ya vitu vitamu haikudumu kwa nguvu ya mjeledi pekee. Ilidumu pia kwa nguvu ya majina. Kila sheria ilipokataza utumwa, mwenye shamba alitafuta neno jipya la kumwita mtu yuleyule, akaendelea kumfanyisha kazi ileile. Na watu hao walionyang'anywa majina ndio waliojiundia lugha ambazo leo tunaziita Krioli. Wengi wao walitoka pwani yetu hii.

Tuanze na chokoleti yenyewe. Jina "kakao" limetoka kwa Wanahuatl wa Mexico, likapitia kwa Wahispania, likasambaa duniani pamoja na zao lenyewe. Kwa karne nyingi kakao ilikuwa kinywaji kichungu. Kilichoifanya ipendwe na watoto wa dunia nzima ni viungo viwili ilivyoongezewa, yaani sukari na vanila. Ukichukua kipande cha chokoleti, basi, umeshika mazao matatu: kakao, sukari, vanila. Ningependa tuyafuate mazao hayo hadi visiwa vitatu, kwa maana kila kisiwa kilikuwa na Krioli yake, na kila kimoja kilikuwa na neno lake tamu la kumwita mfanyakazi asiye huru.

Kabla hatujasafiri, neno "Krioli" lifafanuliwe. Darasani tunafundisha kwamba watu wa lugha mbalimbali wakikutanishwa ghafla, huunda lugha rahisi ya kuelewana, inayoitwa pijini. Watoto wakizaliwa na kuikuta lugha hiyo nyumbani, wakaifanya yao, inapanuka na kukomaa. Hapo inaitwa krioli. Kuna wanaisimu wanaopinga baadhi ya hatua hizo, lakini kwa makala haya maelezo hayo yanatosha. Kuna watu waliowahi kudai kwamba Kiswahili nacho ni krioli ya Kiarabu na Kibantu. Dai hilo halina mashiko. Ngeli zetu, viambishi vya vitenzi vyetu na mfumo mzima wa sarufi ni wa Kibantu, ndugu wa damu wa Kigiriama na Kipokomo. Tulichokopa ni msamiati, na kila lugha hukopa. Krioli halisi tuliyo nayo Kenya ni Kinubi, kilichotokana na Kiarabu cha wanajeshi wa Sudan na familia zao, na ambacho bado kinazungumzwa Kibra. Nayasema haya ili ieleweke kwamba krioli si tusi. Ni lugha kamili, yenye sarufi yake na watu wake.

Sasa twende Mauritius, kisiwa cha sukari. Wafaransa walipokitawala walikiita Isle de France, na walihitaji watu wa kufanya kazi. Mnamo 1776 mfanyabiashara mmoja Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alitia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walitolewa bara, wakateremshwa pwani, wakapakiwa majahazini. Wengine wengi walitoka Msumbiji na Madagascar. Walipofika, karani wa shamba hakujali kama mtu ni Mmakua, Myao au Mngindo. Waafrika wa bara, kwa jumla, waliandikwa "Mozambique," kana kwamba bandari ndiyo iliyowazaa.

Waingereza walikiteka kisiwa hicho mwaka wa 1810. Bunge lao lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka wa 1833, lilitenga fidia ya pauni milioni 20 katika makoloni yake. Fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Tena uhuru uliotangazwa Mauritius mwaka wa 1835 ulikuja na sharti: mtu aliyekuwa mtumwa sasa aliitwa mwanagenzi, na alitakiwa kuendelea kumfanyia kazi bwana wake wa zamani. Mwanagenzi, kama tujuavyo, ni mtu anayejifunza kazi. Hebu fikiri mtu aliyekata miwa kwa miaka 20 anaambiwa kwamba sasa ataanza kujifunza kukata miwa! Mpango huo uliendelea hadi mwaka wa 1839. Watu walipoachiwa, wengi waliyakimbia mashamba, nao wenye mashamba wakaleta wafanyakazi wa mkataba kutoka India kwa maelfu.

Kisiwa cha pili ni jirani yake, Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Huku ndiko vanila ilikopata mlango wa kuingia duniani. Mmea wa vanila uliletwa kutoka Mexico, ukamea vizuri na kutoa maua, lakini hauzai, kwa sababu wadudu wanaolichavusha ua lake kwao hawakuwepo. Wataalamu wa Ulaya walihangaika. Aliyepata njia nyepesi, mwaka wa 1841, alikuwa mtoto wa miaka 12, mtumwa aliyeitwa Edmond. Kwa kijiti chembamba na kidole gumba aliinua utando mdogo ndani ya ua, akakutanisha sehemu ya kiume na ya kike. Basi. Mbinu hiyo ya Edmond ndiyo inayotumika hadi leo Madagascar, Comoro na hata Uganda. Alipoachiwa huru mwaka wa 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Alikufa maskini mwaka wa 1880, ilhali kisiwa kilikuwa kimetajirika kwa kidole chake.

Mwaka huohuo wa 1848 Ufaransa ilikomesha utumwa. Lakini miwa haikujikata. Mawakala wa Réunion walikuja pwani ya Afrika Mashariki, wakanunua watu kama kawaida, kisha wakawaandikia karatasi kwamba wamekombolewa na sasa ni "engagés," yaani waajiriwa huru waliojifunga kwa mkataba. Mtu hajui kusoma, haijui lugha ya mkataba, hajui anapelekwa wapi. Ati yuko huru. Mwishoni mwa 1857 Wareno wa Msumbiji waliikamata meli ya Kifaransa, Charles et Georges, ikiwa na Waafrika zaidi ya mia moja wa aina hiyo. Ulizuka mgogoro mkubwa. Ufaransa ilitishia kwa manowari, na mwaka uliofuata Ureno ikalazimika kuirudisha meli na kulipa fidia. Ubishi wote kati ya mataifa hayo mawili ulihusu neno moja: je, watu waliokuwa ndani ya meli waitwe watumwa au waajiriwa? Nguvu za kijeshi ndizo zilizotoa jibu la kamusi.

Tuvuke bara, twende upande wa Atlantiki, kwenye kisiwa cha tatu, São Tomé, kilichokuwa chini ya Wareno. Kakao ililetwa huko kutoka Brazil katika karne ya 19, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 viwanda vikubwa vya chokoleti vya Uingereza vilikuwa wateja wake wakubwa. Ureno ilikuwa imekwisha kukomesha utumwa kisheria katika miaka ya 1870. Wafanyakazi wa mashamba ya kakao, wengi wao wakitoka Angola, waliitwa "serviçais," yaani watumishi. Walikuwa na mkataba wa miaka mitano. Tatizo ni moja tu: walikuwa wakipelekwa, hawarudi. Miaka mitano ikiisha, mkataba unarefushwa wenyewe.

Mwandishi wa habari Mwingereza, Henry Nevinson, alisafiri Angola na São Tomé kati ya 1904 na 1905, akaifuata njia waliyopitishwa watu hao, kisha akachapisha kitabu mwaka wa 1906 akiueleza huo kuwa utumwa wa kisasa. Kampuni ya Cadbury, iliyomilikiwa na Wakristo wa dhehebu la Quaker waliojulikana kwa kupinga utumwa, ilikuwa imesikia habari hizo tangu 1901. Ilituma mjumbe wake kuchunguza, ikaandikiana barua na serikali, lakini iliendelea kununua kakao hadi Machi 1909, ilipoisusia pamoja na kampuni za Fry na Rowntree. Gazeti la Standard lilipoandika kwamba hapo pana unafiki, Cadbury ililishtaki. Kesi ilisikizwa Birmingham mwishoni mwa 1909. Baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni imekashifiwa kweli, kisha likaipa fidia ya robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Msomaji anaweza kujipimia mwenyewe maana ya fidia hiyo.

Mwanagenzi, mwajiriwa, mtumishi. Maneno matatu ya heshima, visiwa vitatu, kazi ileile. Je, walioitwa hivyo walijiita nani? Hapo ndipo utamaduni wa Krioli unapotufaa, kwa sababu daftari za mashamba ziliandikwa na mabwana, lakini Krioli ilitungwa na wafanyakazi wenyewe.

Chukua Krioli ya Mauritius. Maji huitwa "dilo" na nyumba "lakaz." Mwanafunzi wa Kifaransa atagundua mara moja kwamba vijineno vinavyotangulia nomino katika Kifaransa vimegandana na nomino zenyewe. Hiyo ni alama ya watu waliojifunza lugha kwa sikio, shambani na jikoni, bila mwalimu wala kitabu. Lakini hawakuacha kila kitu cha kwao baharini. Katika hadithi za Ushelisheli kuna mnyama mjanja anayewashinda wakubwa kwa akili. Jina lake ni Soungoula. Sihitaji kumtafsiria msomaji wa Kiswahili. Ni sungura wetu, yuleyule anayemchezea fisi katika ngano za bibi zetu. Visiwani humo hakukuwa na fisi wala simba, lakini mabwana walikuwepo, na sungura alikuwa na kazi ya kufanya. Ngoma ya moutya, iliyopigwa usiku mbali na masikio ya mwenye shamba, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka wa 2021. Na Krioli yenyewe, lugha iliyodharauliwa kama Kifaransa kilichovunjika, imekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Ushelisheli tangu 1981. Wale walioandikwa kwa jina la bandari sasa wanajadili sheria kwa lugha yao.

Turudi nyumbani. Kiswahili nacho kina kumbukumbu yake. "Mtumwa" ni mtu anayetumwa. Kitenzi ni "tuma," na hakuna fumbo. Neno la kuvutia zaidi ni "kibarua." Asili yake ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili jioni akionyeshe na kulipwa. Katika karne ya 19, wengi waliofanya kazi za namna hiyo Mombasa na Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa. Ujira wao waligawana na mabwana zao. Polepole jina la karatasi likawa jina la mtu. Leo tunasema "nimeita vibarua watatu" bila kukumbuka kwamba tunataja karatasi na kuacha watu. Kisha Mwingereza akatuletea kipande, kile cheti ambacho baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukitembeza katika kikopo cha chuma shingoni. Mwajiri asipokitia sahihi, huwezi kuondoka. Kibarua na kipande: karatasi mbili zilizokuja kusimama mahali pa mtu.

Na Wameru je? Hapa ndipo ninapowaambia majirani zangu kwamba hadithi hii ni yao kuliko wanavyodhani. Wazee wetu walisimulia kwamba tulitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, tulikotawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Watawala hao waliwatumikisha babu zetu na kuwapa masharti yasiyowezekana, kwa mfano kuleta kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Mwishowe watu walitoroka usiku wakavuka maji. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, wa alfajiri Ntune, na wa mchana Njeru. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Wengine wanapinga na kuitafuta Mbwaa kwingine. Kwangu mimi lililo muhimu ni kwamba jamii hii ya mlimani ilichagua kujieleza kwa watoto wake kama watu waliokataa utumwa wakavuka maji. Wakrioli ni watoto wa wale waliovushwa maji kwa nguvu. Sisi tuna hadithi ya kutoroka. Wao wana hadithi ya kubaki hai. Ni vigumu kudai ya kwanza kwa fahari na kusema ya pili haituhusu.

Hata zao letu la biashara lina historia ya mamlaka ya namna hiyo. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa, ikihofia kwamba mashamba ya walowezi yatakosa wafanyakazi. Meru, Embu na Kisii zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, katika miaka ya 1930. Mwafrika alikubalika mapema kama mchumaji wa kahawa. Kukubalika kama mkulima wa kahawa kulimgharimu muda mrefu.

Leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana. Mwaka wa 2001 kampuni za chokoleti ziliahidi, katika mkataba uliosimamiwa na wabunge wa Marekani, kwamba zingeondoa aina mbaya zaidi za ajira ya watoto kufikia 2005. Muda ukasogezwa, ukasogezwa tena. Ripoti ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago ya mwaka wa 2020 ilikadiria watoto milioni 1.56 katika kazi hizo kwenye nchi hizo mbili. Hapa pia maneno yanapigana. Mwenye kiwanda husema "watoto wanasaidia wazazi." Mwanaharakati husema "watumwa wadogo." Mimi nasema tuulize maswali ya kawaida. Mtoto anayemsaidia mamake kubeba ndizi Jumamosi hapa Mitunguu hajadhulumiwa. Lakini Jumatatu yuko shuleni? Ameshikishwa panga au dawa ya kunyunyizia? Anaweza kukataa? Majibu ya maswali hayo hayabadiliki kwa kubadilisha jina.

Karibu nasi kakao inalimwa Bundibugyo nchini Uganda, Beni nchini Kongo, na Kyela nchini Tanzania, ambako huuzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima akipewa karatasi inayoonyesha uzani wa mzigo wake. Karatasi ya namna hiyo naiheshimu, maana inamtaja mtu pamoja na mali yake. Linganisha na kile ambacho wenzetu wa Kagera wanakiita "butura," yaani kuiuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya mwenye shida. Waliipa jina, na kwa kuwa ina jina, inaweza kupigwa vita. Hapa kwetu broka huja shambani, akaukadiria mkungu kwa macho, akataja bei. Mizani inasubiri mjini. Tabia hiyo tumeipa jina gani? "Biashara tu." Neno hilo nalo ni tamu mno.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Historia ya chokoleti ni ya watu waliochumia juani wakafia juani, huku kivuli kikikaliwa na wengine. Wanafunzi wangu huwa nawapa zoezi moja wanaposoma habari za shamba lolote, liwe la kakao, majani chai, maua au ndizi. Futeni, nawaambia, cheo alichopewa mfanyakazi, kisha andikeni mambo manne: anaitwa nani, analipwa kiasi gani, nani anashika mizani, na kama akitaka kuondoka kesho anaweza. Mambo hayo manne yangetosha kumaliza ubishi wa meli ya Charles et Georges mwaka wa 1857. Yanatosha pia kwa mkungu wa ndizi unaopakiwa leo Mitunguu.